Nani Azuiliwe, na kwa Siku Ngapi? Karantini katika Historia ya Mpaka Wetu



Neno karantini asili yake ni Kiitalia, katika neno lenye maana ya siku arobaini. Watu wa Venice walizisubirisha meli zilizotoka nchi zenye tauni kwa siku arobaini kabla ya mabaharia kuruhusiwa kukanyaga mji. Kabla yao, mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, ulikuwa umeanza na siku thelathini. Arobaini haikupimwa katika maabara yoyote, kwani wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua tauni huletwa na nini. Sisi nasi tuna arobaini zetu: mzazi hutoka arobaini, marehemu hufanyiwa arobaini, na mwizi huhesabiwa arobaini zake. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu afisa wa afya anapokabiliwa na ugonjwa mpya, swali lake la kwanza si la mabavu. Ni la hesabu. Nani azuiliwe, kwa siku ngapi, na atalishwa na nani siku hizo zote?

Tutofautishe kwanza maneno mawili ambayo magazeti huyachanganya. Kumtenga mtu ni kumweka peke yake mgonjwa aliyekwisha kutambulika kuwa mgonjwa. Karantini humhusu mtu aliye mzima, au anayeonekana mzima, ambaye amekaribiana na ugonjwa, naye husubirishwa hadi ijulikane kama ameambukizwa. Utaona mara moja kwamba la pili ni zito kuliko la kwanza. Mgonjwa akitengwa, anapata matibabu. Aliye karantini hupoteza siku zake za kazi kwa ajili ya usalama wa watu wengine, na pengine asiwe na ugonjwa wowote.

Kama unasoma makala haya ukiwa hapa Mulanda, magharibi mwa mji wa Tororo, basi umekulia karibu na moja ya njia zenye shughuli nyingi mno Afrika Mashariki. Barabara ya kutoka Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba na Busia, kisha huendelea hadi Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Neno bodaboda, ambalo leo linajulikana hata na wasiojua Kiswahili kingine, lilizaliwa Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 ardhi hii yote, hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakaikata sehemu ya mashariki na kuitia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana jamaa zao ng'ambo. Ugonjwa nao haukuuliza mstari uko wapi.

Ugonjwa uliokuwa ukiua wakati mstari huo ukichorwa ni malale. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack, waliwatambua wagonjwa wa kwanza Uganda. Katika miaka michache, Busoga na visiwa vya ziwa Nyanza vilipoteza watu wanaokadiriwa kuzidi laki mbili. Mwaka 1903 David Bruce, aliyetumwa na jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba vimelea vya malale huenezwa na mbung'o, na mbung'o wa huko huishi katika vivuli vya kando ya maji.

Hapo ndipo uamuzi ulipolazimika. Hesketh Bell alifika Uganda mwaka 1906 akiwa Kamishna, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Gavana. Hakuwa na dawa ya kutegemewa. Robert Koch, yule Mjerumani mashuhuri, alikuwa visiwani Sese akijaribu dawa ya atoksili, yenye arseniki ndani yake. Wagonjwa walipata nafuu ya muda, na baadhi yao wakapofuka. Bell hakuweza pia kumtambua kila aliyeambukizwa, kwa maana malale hukaa mwilini muda mrefu kabla ya kumlaza mtu. Kuwatenga wagonjwa peke yao kusingetosha. Akaamua kuondoa watu wote, wagonjwa na wazima, kutoka ukanda wa pwani ya ziwa wenye upana wa maili mbili hivi, na baadaye kutoka visiwani. Wagonjwa walipelekwa katika kambi. Machifu ndio waliopewa kazi ya kuwahamisha watu wao.

Fikra iliyokuwa nyuma ya amri hiyo ilikuwa na mantiki, na ni haki tuikiri. Mbung'o huchukua vimelea kwa mtu na kuvirudisha kwa mtu. Watu wakiondoka, mbung'o watakosa pa kuchukua, watakufa na vizazi vyao vitakuwa safi. Baada ya muda mfupi watu watarejea makwao. Vifo vikapungua kweli. Lakini Bruce aliporudi kati ya 1908 na 1910 na kuwachunguza mbung'o wa pwani iliyokwisha kuhamwa, aliwakuta bado wana vimelea. Wanyama wa mwituni walikuwa wakivihifadhi. Uhamisho uliofikiriwa kuwa wa muda mfupi ukawa wa miaka mingi. Wavuvi wakakosa ziwa, wakulima wa visiwani wakakosa migomba yao, na mashamba yakawa vichaka, yaani makao mazuri zaidi ya mbung'o. Kwa visiwa vya Sese, watu walianza kurejea baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa sababu, kwa maoni yangu, kina karibu kila jambo linalomsumbua afisa wa afya hadi leo. Anaamua kabla hajajua yote. Anategemea dhana juu ya njia ya maambukizi, na dhana hiyo ikiwa na tundu, tundu hilo halionekani hadi watu wamekwisha kuhamishwa. Wanaobeba mzigo wa uamuzi hawakai mezani unapofanywa. Tena ni rahisi zaidi kutoa amri ya kuwazuia watu kuliko kutoa amri ya kuwaachilia. Bell angeweza kuhesabu maisha yaliyookolewa. Sijui kama kuna mtu aliyehesabu yale ya wavuvi waliokufa maskini bara.

Elimu ya malale iliendelea, na sehemu yake iliendelea hapa hapa kwetu. Shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki liliwekwa mjini Tororo, na majengo yake baadaye yalitumika kwa utafiti wa mifugo. Malale yalipolipuka tena kusini mashariki mwa Uganda tangu mwaka 1976, yakafika kileleni mwaka 1980 na kuisumbua Tororo katika muongo huo, hakuna aliyependekeza kuhamisha watu. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliwekwa vichakani, na ng'ombe, ambao sasa walijulikana kuwa ghala la vimelea, wakatibiwa. Aliyehitaji kuzuiliwa, ukipenda, alikuwa mbung'o.

Usidhani, msomaji, kwamba karantini ililetwa na wazungu pamoja na kofia zao za jua. Waacholi, ambao lugha yao na Dhopadhola ya Jopadhola ni dada, wana kanuni ya zamani wanayoifuata wanapoona ugonjwa wa kuua umeingia, ugonjwa wanaouita gemo. Wataalamu wa elimu ya binadamu waliiandika Ebola ilipolipuka Gulu mwaka 2000. Mgonjwa huwekwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine. Mabua mawili marefu ya matete husimamishwa pande zote mbili za mlango ili mpita njia ajue. Anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona, na asipopatikana, mzee wa kike au wa kiume. Wageni hawaingii, wenyeji hawatembei vijiji vingine, ngoma husimama. Aliyepona hukaa peke yake mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kuchangamana na watu, na aliyekufa huzikwa pembezoni mwa kijiji.

Tazama kilichomo. Kuna kutenga, kuna karantini ya kijiji, kuna alama ya onyo, kuna kinga ya mhudumu, na kuna muda uliopangwa wa kumaliza. Kuna jambo la sita pia ambalo sheria zilizoandikwa husahau: mgonjwa ana mtu wa kumpa maji. Mlipuko wa Gulu uliwapata watu 425 na kuua 224, miongoni mwao Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyefariki mwezi Desemba 2000 baada ya kuwaongoza wauguzi wake katika wodi ya kutengea. Maafisa waliokuja na mavazi ya plastiki walipata kibali cha wananchi kwa urahisi zaidi pale walipogundua kwamba wanachokiomba kinafanana na kile wazee walichokwisha kukiamrisha.

Sheria zenyewe ni mbili, kwa sababu mpaka una pande mbili. Kenya inayo Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921, na Uganda inayo yake ya mwaka 1935. Zote mbili ni urithi wa ukoloni, na zote humpa afisa wa afya uwezo wa kuamuru mtu atengwe na humpa waziri uwezo wa kutunga kanuni wakati wa mlipuko. Juu yake kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007. Hizo zinaitaka kila nchi isimzuie msafiri au mzigo kupita kiasi cha hatari iliyopo, na kama ikizuia zaidi ya ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ieleze sababu za kisayansi. Kwa hiyo afisa aliyeko Malaba ana mabwana watatu: ugonjwa, sheria ya nchi yake, na jirani anayemtazama kutoka ng'ambo ya mto.

Mabwana hao walikutana mwaka 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, Uganda tarehe 21 Machi. Uganda ilifunga mipaka kwa abiria mara moja, ila malori yaliachwa yapite, kwani nchi isiyo na bahari ikifunga barabara yake inajinyima mafuta, dawa na chumvi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami ningeufanya. Ila ulizaa swali jipya: dereva apimweje?

Kwa Ebola swali hilo lina jibu jepesi, maana mtu haambukizi kabla hajaugua, na kipimajoto cha mpakani kinaweza kumnasa. Virusi vya korona havikuwa hivyo. Mtu mwenye nguvu zake, asiye na homa wala kikohozi, aliweza kuambukiza. Kipimajoto hakikutosha, ilibidi sampuli ichukuliwe, ipelekwe maabara, hasa ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi kule Entebbe, na jibu lisubiriwe. Mwanzoni madereva walipimwa wakaruhusiwa kuendelea kabla ya majibu. Jibu lilipotoka, mwenye nalo alikuwa amekwisha kulala katika miji mitatu, na timu za afya zikawa zinalifukuza lori barabarani. Baadaye ikaamuliwa wasubiri hapo hapo. Foleni ikatambaa kutoka Malaba kuelekea ndani ya Kenya kwa makumi ya kilomita, madereva wakipika kando ya matairi, wakioga inapopatikana nafasi, na kukaa wamebanana siku kadhaa. Afisa aliyetaka watu wasikaribiane alikuwa amewakusanya.

Kufikia mwishoni mwa Aprili, wengi wa wagonjwa wapya waliotangazwa Uganda walikuwa madereva. Hapa yafaa uwe mwangalifu na takwimu. Anayepimwa sana huonekana sana. Madereva ndio waliokuwa wakipimwa kila siku, basi ndio waliojaza orodha, na baadhi ya wananchi wakaanza kuwaona kama ugonjwa wenyewe. Dereva akisimama kununua chapati, watu walimkimbia. Mwezi Mei Uganda ikaamua kwamba madereva wa kigeni watakaokutwa na virusi mpakani warudishwe kwao na wasihesabiwe katika idadi ya Uganda. Idadi ikashuka kwenye karatasi. Mwezi huo huo viongozi wa Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini walikutana kwa njia ya video na kukubaliana juu ya mfumo mmoja wa kielektroniki, ili dereva aliyepimwa nchi moja atambulike nchi ya pili. Cheti cha siku kumi na nne kikawa pasi ya pili ya dereva. Siku kumi na nne, msomaji, ndio muda mrefu uliokadiriwa wa virusi hivyo kujificha mwilini kabla ya dalili. Arobaini ya Venice ilikuwa imepata mrithi aliyepimwa.

Na chakula? Abiria waliowasili Entebbe mwezi Machi waliambiwa wajilipie hoteli ya karantini, wakagoma, wengine wakawa hawana hata fedha ya usiku mmoja. Nchini Kenya waliozuiliwa walidaiwa gharama ya kitanda na mlo, na wengine waliongezewa siku kwa sababu mwenzao wa bweni moja alikutwa na virusi; hadi Mei serikali ilipotangaza kwamba italipia katika vituo vya umma. Baya zaidi, waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini, kana kwamba ni jela. Siku hiyo karantini ikaacha kuwa kinga, ikawa adhabu. Mtu akiiona kuwa adhabu, anapohisi homa atajificha, na njia za panya kati ya Busia na Malaba ni nyingi kuliko askari.

Tena hatua isipofanyiwa mapitio huota mizizi. Januari 2022, wakati chanjo zilikuwepo na virusi vilikuwa vimeenea pande zote mbili, Uganda iliwataka madereva wote wapimwe upya mpakani kwa kulipia. Madereva wakagoma. Malori yakasimama tena, mafuta yakaadimika na bei yake ikapaa, hadi sharti lilipoondolewa. Swali ambalo nadhani lilipaswa kuulizwa mapema ni hili: kama ugonjwa uko tayari Kampala na Nairobi kwa kiasi kinachofanana, kumzuia dereva Malaba kunamkinga nani? Mwezi huo huo wanafunzi wetu walikuwa ndio kwanza wanarudi madarasani, baada ya shule za Uganda kufungwa tangu Machi 2020, kufungwa kurefu kuliko kwa nchi yoyote duniani. Baadhi ya madawati ya Mulanda hayakupata tena wenyewe.

Miezi minane baadaye, Septemba 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilithibitishwa Mubende. Rais Museveni alisema mwanzoni kwamba hapatakuwa na vizuizi vya mwendo, kwa kuwa Ebola haienei kwa hewa. Inatosha kuwafuatilia waliotangamana na wagonjwa kwa siku ishirini na moja. Kitaalamu alikuwa sawa. Lakini ufuatiliaji hutegemea mtu akae aonekane. Mmoja wa waliokuwa kwenye orodha aliondoka kijijini, akaficha alikotoka, akafia katika hospitali ya Kampala. Tarehe 15 Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa, na zikabaki hivyo hadi katikati ya Desemba. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, baada ya kupita siku arobaini na mbili bila mgonjwa mpya. Hiyo ni ishirini na moja mara mbili, ili kama kuna mnyororo mmoja uliosahaulika, ujitokeze. Waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walifariki.

Agosti 2024 homa ya mpox ilipotangazwa kuwa dharura ya dunia, watu wa mpakani waliogopa kuona foleni ile tena. Mgonjwa wa pili kuthibitishwa nchini Kenya alikuwa dereva wa lori aliyetoka Kongo, akatambulika Malaba. Safari hii maafisa walijua kwamba mpox huenea hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kwamba vipele vyake huonekana kwa macho. Dereva huyo alitengwa, waliokuwa naye wakatafutwa, na malori mengine yakaendelea na safari.